Maswali ya Wasomaji: Kongamano la Kumuenzi Marehemu Si Matanga

Barua za mwezi huu zimeelemea upande mmoja. Waliotuandikia wengi ni wanafunzi na wahadhiri vijana walioona wito wa ikisiri, yaani muhtasari wa makala, kwa ajili ya makongamano ya kimataifa ya taaluma za Marekani, yale yanayoandaliwa kwa heshima ya msomi aliyefariki. Tumechagua barua saba. Zenye uzito tumezijibu kwa kirefu, na zilizohitaji jibu fupi zimepata jibu fupi.

Naandika tasnifu ya uzamivu kuhusu biashara ya vitambaa Unguja katika karne ya 19. Msimamizi wangu anataka nipeleke ikisiri kwenye kongamano la taaluma za Marekani huko Austria, la kumkumbuka profesa mmoja. Mimi na Marekani wapi na wapi? (Mwanafunzi, Morogoro)

Mnakutana dukani, na jina la bidhaa lenyewe limeshakujibu: merikani, kile kitambaa cha pamba. Pamba ilichumwa na watumwa katika majimbo ya Kusini, ikafumwa kwenye viwanda vya New England, ikapakiwa merikebu za Salem huko Massachusetts na kushushwa Unguja. Sultani Said alitia saini mkataba wa urafiki na biashara na Marekani mwaka 1833, na balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, akafika Unguja mwaka 1837. Mwaka 1840 merikebu ya Sultani iitwayo Sultana ilitia nanga New York, akiwemo mjumbe wake Ahmad bin Na'aman. Pembe za ndovu zilikwenda upande wa pili, na nyingi ziliishia Deep River na Ivoryton, miji midogo ya Connecticut, zikachongwa vibao vya piano. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipozuka mwaka 1861, pamba ikaadimika, merikani ikapungua sokoni, na vitambaa vya Bombay vikaziba pengo. Hiyo ni historia ya Marekani sawasawa na ilivyo ya Unguja. Unachokosa ni kuipeleka kwa watu wanaoitazama kutoka upande ule.

Na si kwamba unabisha hodi nyumba ya wageni. Taaluma hii ina kisa chake cha asili, nacho kimetokea Kongo. Perry Miller wa Chuo Kikuu cha Harvard, mtaalamu wa Wapuriti, Waprotestanti wa Kiingereza waliohamia New England, alieleza katika dibaji ya kitabu chake cha mwaka 1956, Errand into the Wilderness, kwamba wazo la kuieleza Marekani kwa walimwengu lilimjia akiwa kijana huko Matadi, kwenye kingo za mto Kongo, alipokuwa akisimamia upakuaji wa mapipa ya mafuta yaliyotoka kwao. Amesimama Afrika, mafuta ya Marekani mbele yake, na anachokiona ni Marekani peke yake. Mwaka 1993 Amy Kaplan, katika utangulizi wa kitabu cha makala alichohariri pamoja na Donald Pease, alikirudia kisa hicho na kuuliza swali ambalo Miller hakuliuliza: Kongo yenyewe iko wapi katika simulizi hii, na himaya ya Marekani iko wapi? Tangu hapo ni vigumu mtu wa fani hii kusema Afrika haimhusu.

Sasa fanya hivi. Soma vitabu viwili vya marehemu anayeenziwa, si kimoja. Tafuta mahali ambapo hoja yake inagusa bidhaa, bandari, utumwa au himaya. Ukipapata, umepata mlango. Usipopapata, bado unaweza kuandika kuhusu kutokuwepo kwa mambo hayo katika vitabu vyake, ila hapo uwe na ushahidi wa kutosha kuonyesha kwamba pengo hilo limeiharibu hoja. Kusema tu kwamba "hakuitaja Afrika" hakutoshi. Wapo wengi wasioitaja.

Ikisiri yangu imekataliwa mara mbili. Walitaka maneno 300, nami niliandika 300 kamili. Kosa liko wapi? (Msomaji, Mombasa)

Kwa nakala uliyotutumia, kosa liko katika sentensi ya kwanza na limeenea hadi ya sita. Umeanza hivi: "Makala hii inajadili uhusiano wa Marekani na Afrika Mashariki kwa kutumia nadharia mbalimbali." Msomaji wa kamati ana ikisiri nyingi mezani na dakika chache kwa kila moja. Sentensi hiyo haimpi mahali, wakati, chanzo wala swali. Ingeweza kuwa juu ya chochote.

Iandike upya kwa mpangilio huu, na usiogope ikitoka fupi kuliko kiwango. Sentensi mbili za mwanzo ziwe tatizo lenyewe, kwa mfano: "Makala hii inalifuata jora la merikani kutoka shamba la pamba la Kusini, kupitia kiwanda cha Massachusetts, hadi duka la Unguja, ikiuliza ni wapi katika safari hiyo mtumwa anatoweka kwenye karatasi za biashara." Zifuate sentensi mbili za vyanzo: karatasi gani, ziko wapi, za miaka ipi, na wewe umeshaziona au bado. Karatasi za Waters, kwa mfano, zimo katika maktaba ya jumba la makumbusho la Peabody Essex. Ukiandika hivyo, kamati inajua huoti. Halafu sentensi tatu au nne za hoja, yaani unachodai na si unachokusudia kukichunguza. "Nitachunguza" ni neno la pendekezo la utafiti, na kamati ikiliona inajua hujamaliza kazi. Mwisho sentensi mbili zinazoonyesha kazi yako inasimama wapi kwa marehemu: inaendeleza kitabu gani, au inapingana na sura ipi.

Hapo kwa marehemu ndipo wengi huharibu. Wanaandika aya nzima ya sifa: bingwa, nguli, mti mkubwa ulioanguka. Kamati nzima ilimfahamu. Wengine walikula naye, wengine aliwafelisha mitihani. Maneno 80 ya sifa ni maneno 80 uliyoiba kwenye hoja yako.

Wasifu wako usizidi maneno 100, uandikwe kwa nafsi ya tatu, na uanze na chuo na mada. Orodha ya semina ulizohudhuria haimsaidii mtu. Kichwa cha makala kikizidi mistari miwili kitakatwa kwenye ratiba, na kitakatwa mahali pabaya. Jina la faili liwe jina lako la ukoo na neno ikisiri. Faili linaloitwa "mwisho kabisa 3" hupotea kati ya mengine yanayoitwa vivyo hivyo.

Profesa anayeenziwa alikuwa na misimamo nisiyoikubali. Kwetu marehemu hasemwi vibaya. Ninyamaze, au niseme? (Mwalimu, Kisumu)

Sema, mwalimu, lakini jua unasemea wapi. Makongamano haya huwa na nyakati mbili, hata kama ratiba haizitaji hivyo. Upo wakati wa kumbukumbu, mara nyingi jioni ya ufunguzi: familia iko mstari wa mbele, wanafunzi wake wa zamani wanazungumza, pengine salamu za rambirambi zinasomwa. Huo ni wakati wa ubani, na adabu uliyolelewa nayo ndiyo inayofaa. Kesho yake asubuhi vinaanza vikao vya makala, na hapo marehemu ni mwandishi kama mwandishi mwingine. Msomi anayesifiwa tu bila kujibiwa ameshaanza kusahaulika.

Mtazame F. O. Matthiessen, profesa wa fasihi wa Harvard. Kitabu chake cha mwaka 1941 kuhusu waandishi watano wa Marekani, yaani Emerson, Thoreau, Hawthorne, Melville na Whitman, kilisaidia kuipa fani hii sura. Kiangazi cha 1947 alifundisha katika semina ya kwanza ya taaluma za Marekani huko Salzburg, Austria, kwenye kasri la Leopoldskron, Ulaya ikiwa bado na majeraha ya vita. Alifariki mwaka 1950, na mwaka huohuo jarida la Monthly Review, ambalo alilisaidia kwa fedha lianzishwe, likatoa toleo la kumkumbuka. Hayo yalikuwa matanga, na yalistahili. Lakini kilichomfanya aendelee kusomwa ni wale waliokuja baadaye na kuuliza kwa nini watano wale wote ni wanaume weupe, na Frederick Douglass, Mmarekani mweusi aliyetoroka utumwa na kuandika zama zilezile, yuko wapi. Kumuuliza hivyo ni kumpa heshima ambayo maua hayawezi kumpa.

Namna ya kupinga ina kanuni zake. Kwanza ieleze hoja yake kwa nguvu zake zote, kiasi kwamba mwanafunzi wake aliyekaa ukumbini atikise kichwa kukubali. Taja kitabu, mwaka na ukurasa, kwa kuwa wapo wanaokijua kuliko wewe. Kisha onyesha mahali hoja inapokatika, kwa ushahidi ambao yeye hakuwa nao au hakuutazama. Tabia yake, ndoa yake, siasa za idarani kwake, waachie wenyewe. Vitendo vyake viwe katika wakati uliopita, "alifundisha", "alihariri". Maandishi yake yawe katika wakati uliopo, "anadai", "anaonyesha", maana kitabu hakijafa. Neno marehemu litumie mara moja mwanzoni. Ukilirudia kila unapomtaja, wasilisho linageuka tangazo la vifo la redioni.

Nina barua 11 alizoniandikia profesa huyo miaka ya nyuma. Waandaaji wamesikia na wanataka nizisome na wazichapishe kwenye kitabu cha kumbukumbu. Si ni zangu? (Mhadhiri mstaafu, Nairobi)

Karatasi ni zako, maneno si yako. Aliyeandika barua ndiye mwenye hakimiliki, na akifa inakwenda kwa warithi wake. Marekani na katika nchi za Umoja wa Ulaya hakimiliki hiyo hudumu miaka 70 baada ya kifo cha mwandishi. Kwa Kenya na Tanzania ni miaka 50. Kwa hiyo kuzichapisha kunahitaji ruhusa ya maandishi ya warithi au msimamizi wa mirathi. Ikabidhi nakala yake kwa mhariri mapema, kwa sababu mchapishaji ataidai, na kitabu kikishafika kiwandani bila karatasi hiyo, sura yako ndiyo itakayong'olewa.

Waandikie warithi barua fupi yenye mambo manne: tarehe za barua, nakala za kurasa unazotaka kuzitumia, mahali zitakapotokea, na swali kama kuna sehemu wangependa zifichwe. Hilo la mwisho usiliruke. Barua za wasomi zina umbeya, na aliyesengenywa ndani yake huenda amekaa kiti cha tatu kutoka kwako. Kusoma aya mbili ukumbini ni jambo jepesi kuliko kuchapisha, hata hivyo omba ruhusa kwa yote mawili katika barua moja.

Nakala halisi usisafiri nazo. Zipige picha kwa skana kwa pikseli 300 kwa inchi au zaidi, pande zote mbili na bahasha pia, kwani mhuri wa posta ndio unaothibitisha tarehe pale mwandishi alipoandika "Jumanne" tu. Usizibane kwa pini wala gundi ya karatasi. Pini inaota kutu, gundi inaacha doa la kahawia lisilotoka. Kisha fikiria kuzikabidhi kwenye hifadhi ya nyaraka ya chuo alichofundisha, kwa mkataba unaosema nani anaruhusiwa kuzisoma na kuanzia lini.

Nimepewa dakika 20. Kurasa ngapi? (Mwanafunzi, Kampala)

Kurasa 8, nafasi mbili kati ya mistari, herufi za ukubwa wa 12. Ukurasa wa namna hiyo hubeba maneno 250 hadi 300 na huchukua dakika mbili na kitu kuusoma kwa Kiingereza bila kukimbia. Maneno 2,200 ndiyo kiasi salama. Wenye kupeleka 3,000 hujiambia watasoma haraka, na husoma haraka kweli, hadi ukumbi unaacha kusikiliza.

Kikao cha kawaida ni dakika 90 kwa makala tatu: 60 za kusoma, chache za utambulisho, na zilizobaki ni za maswali. Ukizidisha dakika saba umezila za mwenzako au za maswali, na maswali ndiyo uliyoyafuata huko. Mwenyekiti wa kikao atakuonyesha kikaratasi cha dakika 5, halafu 2, halafu atasimama. Kwa hiyo kabla ya kupanda jukwaani zungushia kwa penseli aya mbili zinazoweza kurukwa bila hoja kuvunjika, moja katikati, nyingine karibu na mwisho. Hitimisho liwe ukurasa wake peke yake, ili ukikatwa ulirukie moja kwa moja.

Picha za kuonyesha zisizidi nane. Barua ya kale usiitandaze nzima ukutani. Kata mistari mitano au sita unayoizungumzia, ikuze, na chini yake weka maandishi yaliyopigwa chapa. Hifadhi kila kitu kwa PDF kwenye flashi na pia kwenye barua pepe yako. Kompyuta ya ukumbini haina fonti zako.

Nimeletewa mwaliko wa "kongamano la dunia" la kumuenzi msomi maarufu. Walinikubali siku ileile niliyotuma ikisiri, na sasa wanataka ada ndani ya saa 48. Nilipe? (Msomaji, Arusha)

Usilipe bado. Kamati halisi huchukua wiki kadhaa, maana watu wazima lazima wakae wasome. Angalia iwapo idara aliyofundisha marehemu inalitaja kongamano hilo kwenye tovuti yake, na iwapo waliotajwa kuwa wanakamati wanalitaja kwenye kurasa zao za chuo. Mwandikie mmoja wao kwa anwani iliyo kwenye tovuti ya chuo, si ile iliyo kwenye mwaliko. Tazama pia kama vyama vya fani vinalijua: cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1951, au kile cha Ulaya kilichoanzishwa mwaka 1954 palepale Leopoldskron. Mwaliko unaochanganya fasihi ya Marekani, uhandisi na uuguzi chini ya paa moja la hoteli, au unaotaka fedha ziende akaunti ya mtu binafsi, utupe.

Ukiona ni la kweli, uliza kabla ya kulipa kama kuna ada nafuu kwa wanafunzi au kwa wanaotoka nchi zenye kipato cha chini. Mara nyingi ipo na haitangazwi kwa sauti.

Nimekubaliwa. Kongamano liko Austria na ninaishi Bukavu. Viza nianze lini? Na je, naruhusiwa kunukuu Kiswahili ndani ya makala ya Kiingereza? (Msomaji wa kike, Bukavu)

Hongera, dada. Ombi la viza ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Austria ikiwemo, hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla, na uamuzi hutolewa kwa kawaida ndani ya siku 15, ingawa faili lenye dosari linaweza kuvutwa hadi 45. Kwa aliye Bukavu saa ya ukutani si hiyo. Saa yako ni miadi, na safari ya kuifuata hadi Kinshasa. Miezi minne kabla uwe umeshaomba miadi. Unapeleka ombi kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, au kwa ubalozi unaoiwakilisha, hata kama ndege inatua kwanza Brussels.

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibaki na angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Schengen, na kurasa mbili tupu. Bima ya safari iwe ya yuro 30,000 au zaidi na ifunike siku zote, pamoja na ya kuondoka. Ada ni yuro 90 tangu Juni 2024. Barua ya mwaliko ndiyo inayowaangusha wengi: itaje jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, kichwa cha wasilisho, tarehe, ukumbi, na nani analipia tiketi, chakula na malazi. Ikisema "gharama zitajadiliwa", utarudishwa. Iambatanishe na barua ya mwajiri au chuo inayosema una likizo na siku ya kurejea kazini.

Kuhusu Kiswahili, nukuu bila hofu. Weka maneno asilia kwanza, tafsiri yako ifuate, na kwenye tanbihi useme tafsiri ni yako. Vipimo vieleze pale vinapotokea mara ya kwanza: doti ni mikono minane, karibu yadi 4, jora ni kitambaa kizima, yadi 30 hivi. Ukumbini lisome lile la Kiswahili kwa sauti, usiliruke kwa kuwa hawalielewi. Wape tafsiri kwenye picha nao wataisoma huku wakikusikiliza. Na neno merikani usilitafsiri kabisa. Wataliona wenyewe.